Intaneti Inapogawanyika: Nani Ana Haki ya Kuzima Yowe la Kijiji?



Ndugu msomaji, mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, kwa mara ya kwanza katika historia. Kwa watu wa Nyarugusu, Mgusu, Katoro na Kahama hiyo haikuwa habari ya mbali. Siku hizi mchimbaji mdogo hutazama bei kwenye simu yake kabla ya kukutana na mnunuzi, na hilo peke yake limepunguza sana uwezo wa dalali kumdanganya. Lakini mwisho wa mwezi huohuo, tarehe 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilichukua takriban siku tano kabla haijaanza kurejea. Wafanyabiashara wa London na Dubai waliendelea kuijua bei saa kwa saa. Aliyeitoa dhahabu ardhini kwa jasho lake akabaki kukisia.

Bei ya dhahabu ni jambo dogo ukilinganisha na mengine ya siku zile. Kulikuwa na vurugu na watu walipoteza maisha, kiasi kwamba baadaye iliundwa tume ya uchunguzi. Wazazi wa huku wenye watoto vyuoni Dar es Salaam, Mwanza na Arusha walihitaji kujua kama watoto wao wako salama. Njia waliyoizoea ilikuwa imefungwa.

Katika makala haya tutajifunza mambo matatu: jinsi intaneti inavyogawanyika duniani na kwetu, kipimo ambacho mwamini anaweza kukitumia kuamua lini kizuizi ni halali na lini si halali, na wajibu wetu sisi wenyewe katika jumuiya zetu.

1. Mtandao mmoja, milango michache

Intaneti ni maelfu ya mitandao midogo ambayo imekubaliana kupitishiana ujumbe kwa kanuni zilezile. Ndiyo maana picha ya ubatizo iliyopigwa Kahama humfikia ndugu aliyeko Muscat au Toronto katika sekunde chache, na hakuna anayeulizwa pasipoti njiani.

Hata hivyo, ujumbe huo hupita mahali fulani. Zamani nchi yetu ilitegemea setilaiti, na gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa na kituo Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufikisha huduma mikoani, hadi huku Shinyanga, Geita na Mwanza. Mei 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ilipokatika, wengi tuliona mtandao ukilegea siku ileile. Hapo tulijifunza kwamba milango yetu ni michache. Kampuni zinazoisimamia zina leseni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na zinapopewa amri hutii. Mlango ambao nanga ya meli inaweza kuubomoa, barua moja ya ofisini pia inaweza kuufunga.

2. Dunia inavyojenga kuta

Jambo hili si la Tanzania peke yake, wala si la nchi maskini tu. China imejenga kwa miaka mingi mfumo wa kuchuja kila kinachoingia, hata Google na Facebook hazipatikani huko kwa njia ya kawaida. Urusi ilitunga sheria mwaka 2019 ili mtandao wake uweze kujitegemea na kutengwa na dunia ikibidi. India ilipiga marufuku TikTok mwaka 2020 baada ya mapigano ya mpakani na China. Marekani nayo, ambayo imejisifu sana kwa uhuru wa mawasiliano, mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuitaka kampuni mama ya TikTok iuze huduma hiyo au ifungiwe.

Kwa majirani zetu sababu imekuwa mara nyingi uchaguzi na siasa. Congo intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ikarudi takriban wiki tatu baadaye. Uganda iliizima Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Ilipoifungua, Facebook ilibaki imefungwa. Kenya mtandao uliyumba tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliandamana kupinga muswada wa fedha.

Kwetu, wakati wa uchaguzi wa 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa. Mwaka 2023 TCRA ilitaka kila anayetumia VPN, yaani njia ya kupita kwa siri pembeni ya vizuizi, aisajili. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa muda mfupi baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Serikali ilieleza kuwa sababu ni picha za ngono zinazoruhusiwa katika mtandao huo. Septemba 2025 leseni ya Jamii Forums ilisitishwa kwa siku 90. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba.

Ukiyaweka mambo haya pamoja utaona kwamba hayafanani. Kuzuia ukurasa mmoja si sawa na kuzuia mtandao mzima, na kuzuia mtandao mmoja si sawa na kuinyamazisha nchi. Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kutofautisha kabla ya kuhukumu. Kwa hiyo tunahitaji kipimo.

3. Kipimo cha Mtakatifu Tomaso wa Akwino

Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 90, Mtakatifu Tomaso anauliza sheria ni nini. Jibu lake lina nguzo nne. Sheria ni agizo la akili. Inalenga manufaa ya wote. Inatolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jamii. Na inatangazwa kwa wale wanaopaswa kuifuata. Nguzo moja ikikosekana, amri ile inapungukiwa na hadhi ya sheria, hata kama ina nguvu ya kutekelezwa.

Tuchukue nguzo hizo tuzipime na kuzimwa kwa intaneti nchi nzima.

Mwenye dhamana. Hapa tuwe wakweli: serikali ina mamlaka halali ya kusimamia mawasiliano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ipo tangu 2010, na Kanisa halifundishi kwamba uhuru wa kusema hauna mipaka. Lakini kuwa na mamlaka ni nguzo moja kati ya nne. Baba ana mamlaka nyumbani, na bado anaweza kuamuru jambo lisilo la haki.

Akili. Agizo la akili ni lile ambalo njia yake inafikisha kwenye lengo lake. Kama lengo ni kuzuia uvumi, je, giza huzuia uvumi? Kila aliyekaa kijiweni siku hizo anajua jibu. Habari zilisafiri kwa mdomo, zikaongezeka kila zilipopita, na hapakuwa na njia rahisi ya kuzihakiki.

Manufaa ya wote. Neno hili lina maana kubwa kuliko manufaa ya wengi au usalama wa walio madarakani. Ni mazingira yanayomwezesha kila mtu na kila kundi kufikia utimilifu wake. Intaneti ikizimwa, mchochezi mmoja hunyamaza, na pamoja naye hunyamaza mwanafunzi anayetuma maombi, daktari wa wilayani anayemwuliza mwenzake wa Bugando, mama anayemtafuta mwanawe, na mchimbaji anayetaka kujua bei. Mzigo huwaangukia zaidi wale ambao hawakuwa wamelengwa.

Kutangazwa. Mtakatifu Tomaso anaona kuwa mtu hawezi kufungwa na agizo ambalo hakujulishwa. Wengi wetu tuligundua kizuizi kwa kuona duara likizunguka kwenye kioo cha simu bila kufungua kitu. Watu wakaanza kulaumu bando, simu, au kampuni. Raia asiyeambiwa nani ameamua, kwa sababu gani na mpaka lini, hana mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Mafundisho ya Kanisa yanaongeza uzito hapa. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliweka kati ya haki za binadamu haki ya kupata habari za kweli kuhusu mambo ya umma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2494, inafundisha kuwa habari zipo kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba jamii ina haki ya kupata habari zenye msingi wa ukweli, uhuru, haki na mshikamano. Fundisho hilo limewekwa chini ya amri ya nane. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo inatudai pia tusimnyime jirani ukweli anaostahili kuujua.

4. Lakini uvumi unaua

Mtu anaweza kupinga hivi: «Frateri, wewe unaongea vitabu. Maneno yanaua. Heri tukae kimya siku tano kuliko kuzika watu.»

Hoja hii ni nzito, na sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tungepaswa kuielewa kuliko wengine. Katika mikoa hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yalitokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Uongo huo ulitembea machimboni na mialoni. Tena ulitembea wakati watu wachache sana huku walikuwa na intaneti. Uvumi ulituua bila mtandao. Uliopunguza nguvu zake ni ukweli uliosemwa waziwazi, shuleni, redioni na kanisani, pamoja na kuwafikisha wauaji mahakamani.

Upo mfano mkubwa zaidi, jirani kabisa. Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari, na wakimbizi mamia ya maelfu wakavuka kuingia Ngara. Wako wanaosema redio ile ilipaswa kuzimwa, nami naona wana haki. Lakini tuangalie kinachosemwa: kituo kimoja, kinachojulikana, kinachotaja watu wa kuuawa. Hilo ni tofauti na kuzima redio zote za nchi, pamoja na ile ambayo ingesema «msiue».

Kisha tuangalie kilichofuata. Desemba 2003, katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, waanzilishi wawili wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura walihukumiwa kila mmoja kwa jina lake, kwa ushahidi, wakiwa na mawakili. Na huko Ngara, mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari za kweli na kuishi kwa amani. Redio ya chuki ilijibiwa kwa hukumu ya haki na kwa redio nyingine iliyosema kweli.

5. Tunachojifunza kutoka kwa yowe

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla hatujasoma falsafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi katika maeneo ya Kahama na Shinyanga, wananchi walianzisha Sungusungu. Nguvu yao kubwa ilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Likipigwa boma moja, boma la pili hulipokea, na la tatu, mpaka kijiji kizima kiko njiani. Asiyeitikia alitozwa faini. Kila mtu, hata mjane asiye na ng'ombe, alikuwa na haki ya kulipiga.

Yowe lilikuwa na hatari zake. Mtu angeweza kupiga yowe la uongo ili kumwangamiza adui yake, na Sungusungu wenyewe walifanya makosa, pengine makubwa, dhidi ya watu wasio na hatia. Lakini dawa ya yowe la uongo ilikuwa kumleta aliyelipiga mbele ya kijiji ajibu. Sijasikia mzee akisema kwamba kwa kuwa fulani alidanganya jana, basi kijiji kizima kisipige yowe usiku wa leo. Usiku huo ndio mwizi angeungojea.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Mwenye dhamana ana haki ya kumwajibisha anayepiga yowe la uongo: kwa jina lake, kwa sheria iliyotangazwa, mbele ya mahakama. Hana haki ya kuzima yowe la kijiji, kwa sababu yowe si mali yake. Ni la wote.

6. Ukuta ulio ndani ya jumuiya

Tukiishia hapo tutakuwa tumeiona kuta za serikali tu, tukaacha mbili nyingine.

Ya kwanza ni ya kampuni. Programu za mitandao ya kijamii humpangia kila mtu kile kitakachomfanya aendelee kutazama. Anayependa hasira hupewa hasira. Anayependa kusifiwa upande wake huletewa sifa. Hakuna barua ya serikali hapo, lakini watu wawili wenye simu zinazofanana wanaishi katika nchi mbili tofauti.

Ya pili tunaijenga wenyewe. Kuna makundi ya WhatsApp ambamo mwenye maoni tofauti huondolewa kabla hajamaliza sentensi. Baada ya uchaguzi, waamini wa jumuiya moja, waliosali rozari nyumba moja, walikuwa na habari zisizokutana popote. Mmoja alikuwa amesikiliza taarifa rasmi peke yake. Mwingine alikuwa ameona video zilizotumwa na walio nje ya nchi, za kweli na za kughushi zikiwa zimechanganyika. Walishindwa hata kubishana, kwa sababu ubishi unahitaji tukio moja ambalo wote wanakubali kwamba lilitokea. Siku za giza zilichimba mfereji, na kurudi kwa intaneti hakukuufukia.

Hapa ndipo naona hasara kubwa zaidi ya kugawanyika kwa mtandao. Taifa linaweza kuvumilia maoni mengi. Haliwezi kuvumilia kwa muda mrefu watu wasio na ukweli mmoja wa kuujadili. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwapa watu lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao. Tofauti zilibaki, na habari ikawa moja. Umoja wa namna hiyo ndio tunaoutafuta.

7. Tufanye nini?

Kwanza, tuwe mashahidi wa kweli. Kabla ya kusambaza video, tuulize: imepigwa wapi, lini, na nani aliyekuwepo? Kama hatujui, tusitume. Kwa mwamini, kubonyeza kitufe cha kutuma ni tendo linaloangukia amri ya nane.

Pili, jumuiya zisitegemee mlango mmoja. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwe na orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwenye daftari, si kwenye kundi la WhatsApp peke yake. Tusikilize na kuzitegemeza redio zetu, kama Radio Faraja ya Jimbo la Shinyanga. Wanaouza dhahabu wapeane bei elekezi ya Tume ya Madini kwa ujumbe mfupi wa kawaida pale intaneti inapokosekana.

Tatu, tuzungumze na viongozi wetu kwa lugha ya sheria na manufaa ya wote, bila matusi na bila woga. Tunaweza kumwuliza mbunge wetu: kizuizi hiki kimetolewa kwa kifungu gani, na nani, kwa muda gani, na aliyeumia anakata rufaa wapi? Maswali haya si uchochezi. Ni nguzo nne za Mtakatifu Tomaso zilizovaa nguo za kila siku.

Nne, tumsikilize aliye upande wa pili. Katika jumuiya yako yuko mtu ambaye simu yake inamwonyesha nchi nyingine. Mkae naye, kila mmoja aweke mezani alichokiona na namna alivyokijua. Huenda msikubaliane juu ya maana yake. Anzeni kwa kukubaliana juu ya kilichotokea.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Siku intaneti ilipozimwa, wewe ulikosa nini? Jirani yako maskini kuliko wewe alikosa nini?
2. Taja kizuizi kimoja cha mtandao unachokiona kuwa cha haki. Kipime kwa nguzo nne.
3. Je, kuna mtu tuliyemwondoa katika kundi letu kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa? Tutamrudishaje?
4. Kama yowe la uongo likipigwa leo katika kigango chetu, nani ataulizwa, na kwa utaratibu gani?

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, atuombee tuijue kweli na tuwe na ujasiri wa kuipokezana.